Matabaka mawili, yote maji: dhana potofu kuhusu kutengeneza protini nje ya seli

"Tabaka la juu ni mafuta, la chini ni maji." Kauli hii husikika Unguja na Pemba kila inapotajwa PEG (polietilini glikoli) na dekstrani (minyororo mirefu ya sukari), polimeri mbili zinazoyeyushwa majini ili kutenga matabaka ambamo dondoo la seli hutengeneza protini, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Mfano unaotolewa ni wa tui lililolala kwenye friji, mafuta yakaganda juu. Tui ni jambo jengine kabisa. Hapa hamna mafuta hata tone. Kila tabaka ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. La juu limejaa PEG, la chini limejaa dekstrani. Minyororo ya polimeri hizi hukataana kidogo tu, lakini kwa urefu wake kidogo hicho kinatosha kuitenga.

Asiyesadiki ajaribu. Changanya gramu 1 yenye asilimia 6 ya PEG 8000 na asilimia 6 ya dekstrani ya 500,000 (namba hizi ni uzito wa molekuli), utikise: itakuwa nyeupe kama maji ya mchele. Tia maji maikrolita 50, tikisa, tia tena. Itafika pahala ukungu unatoweka mara moja na kijaribio (kichupa cha mchanganyiko) kinakuwa angavu kama kioo, tabaka moja. Mafuta hayafanyi hivyo hata ukimimina ndoo nzima.

Basi ndiyo maana maji ya ziada ni hatari. Anayedhani ana mafuta humimina DNA iliyozimuliwa mno mwishoni, matone ya dekstrani yaliyotawanyika ndani ya PEG yanapotea, kisha analaumu ribosomu, mashine za seli zinazounda protini. Hesabu kabla ya kuchanganya. Dondoo la E. koli, yaani maji ya ndani ya bakteria waliopasuliwa, huchukua kiasi cha theluthi ya mchanganyiko, kwa hiyo miyeyusho ya akiba ya polimeri lazima iwe mizito. Kwa miligramu 100: PEG ya asilimia 40 miligramu 15, dekstrani ya asilimia 30 miligramu 20, dondoo 33, na 32 zinazobaki ni za chumvi, amino asidi, chanzo cha nishati na DNA. Dekstrani pimeni kwa mizani, msiamini pipeti. Hunata kama asali na sehemu yake hubaki kwenye ncha. Na kama mchanganyiko wenu wa chumvi na nishati tayari una asilimia 2 ya PEG, kama ilivyo mingi, iingizeni kwenye hesabu.

Kosa jengine linalozaliwa na dhana hiyohiyo ni kupima tabaka moja. RNA na ribosomu hupendelea dekstrani, na protini inayotoka huenda upande wake yenyewe. Ukichota juu tu ukaona mwanga hafifu wa protini inayong'aa, hujathibitisha lolote. Zimua kijaribio kizima mpaka kiwe tabaka moja, ndipo usome.

"Bila seli hai hakuna protini." Nirenberg na Matthaei walishaliondoa hilo mwaka 1961 kwa dondoo la bakteria na RNA ya yurasili mitupu: ikatoka mnyororo wa fenilalanini.

"Tone la dekstrani ni seli, basi tunaumba uhai." Hapana. Tone halina utando, halijilishi, halizai. Baada ya saa chache nishati huisha, fosfeti hujikusanya na kushika magnesiamu, kazi husimama.

"Magnesiamu ni ileile ya mchanganyiko wa kawaida usio na polimeri." Si lazima. Chumvi nazo hugawika baina ya matabaka, na fosfeti huelemea chini. Pimeni upya kutoka milimola 8 hadi 16, mkipanda mbilimbili, kila mnapobadilisha dondoo. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo ningeilinda kuliko zote.

"Kwetu haiwezekani, umeme ukikatika dondoo limekwisha." Umeme wetu hupita kwenye waya chini ya bahari, na Unguja inaikumbuka miezi ya giza ya 2009 hadi 2010, kwa hiyo hofu hii ina msingi. Lakini mchanganyiko uliokaushwa kwa kugandishwa hustahimili joto la chumbani kwa miezi. Adui wake hapa ni unyevu wa pwani. Gaweni sehemu ndogondogo za matumizi ya mara moja, kila moja kwenye mfuko wake uliozibwa kwa moto pamoja na silika (chembe za kunyonya unyevu), na unga ukishashikana mabonge utupwe.