Disleksia: kosa si la macho

Mtoto wa darasa la nne akikwama kwenye sentensi moja, iwe Busia au Kampala, ataitwa mzembe, au jirani ataanza kuuliza nani kamroga. Hayo tuyapite haraka: disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, haihusiani na akili ndogo, mara nyingi hutembea katika ukoo, na fimbo haiitibu. Kuna madai mengine matatu yanayosikika sana.

"Anaona herufi kinyume, apelekwe kwa daktari wa macho." Macho yapimwe, ni vizuri kwa mtoto yeyote. Lakini kuchanganya b na d ni kawaida kwa wengi wanaoanza kusoma. Ugumu hasa uko kwenye sauti za lugha. Mwambie mtoto: "Sema kalamu, sasa ondoa ka." Mwenzake atajibu "lamu" papo hapo; yeye atarudia "kalamu", akutazame, kisha abahatishe. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho nchini Marekani walitamka wazi kuwa mazoezi ya macho na miwani ya rangi havina ushahidi wa kutibu disleksia.

"Mafunzo ya hisi, kama michezo ya kusikiliza, yakishajenga ubongo, kusoma kutakuja kwenyewe." Hapa ndipo pesa za wazazi huliwa. Ubongo hubadilika, hilo ni kweli. Mwaka 2003 mtafiti Elise Temple na wenzake walipiga picha za ubongo wa watoto wenye disleksia waliofanya mazoezi ya kusikiliza sauti kwenye kompyuta, wakaona sehemu za upande wa kushoto zikifanya kazi zaidi. Matangazo yakashamiri. Majaribio kadhaa ya programu hiyohiyo, Fast ForWord, yalipojumlishwa mwaka 2011, hayakuonyesha kuwa inainua usomaji. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 watafiti Keller na Just walikuta kwamba takriban saa 100 za kufundishwa kusoma kwenyewe ziliimarisha nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo, na usomaji nao ukapanda. Kwa hiyo lipia mwalimu wa herufi na sauti kabla ya kulipia michezo.

"Lugha ya nyumbani inamchelewesha." Siyo hivyo. Kiswahili na Luganda huandikwa karibu kama vinavyotamkwa, kwa hiyo ugumu wa sauti wa mtoto huyu huonekana zaidi kwenye mwendo: maneno mengi anayasoma sawasawa, ila polepole mno. Mwalimu hashtuki mpaka darasa la nne, masomo yanapohamia Kiingereza. Mzazi ashtuke mapema, kwa sababu UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wa PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, na shule ndiyo huwaombea.