Je, Wajua? Kwa Nini Mabeki Hupanda Mbele na Kuliacha Goli Lao Wazi

Ukipita mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi jioni moja kabla ya mechi ya kuamua ubingwa, hakuna anayekuuliza habari za nyumbani. Unaulizwa habari za mabeki wa wapinzani. Kushoto wameweka nani? Yule mrefu wa kati goti limepona? Na kila mtu ana jibu lake.

Mezani kwetu, kando ya barabara, mjomba alikuwa amekusanya vizibo vya chupa za bia ya Simba. Ni mstaafu wa reli, na kama wazee wengi wa reli hapa Lubumbashi ni mtu wa klabu ya Lupopo, lakini likija suala la mabeki hana upande. Alipanga vizibo vinne mstari mmoja, akaweka cha tano peke yake kwa nyuma: golikipa. Kijana mmoja aliyevaa jezi nyeusi na nyeupe ya klabu ya Mazembe akavitazama, akasema kwa uhakika: "Bale babili ba katikati habana mbio. Tutabapita tu."

Mjomba hakubisha. Aliuliza: "Kama habana mbio, juu ya nini banasimamaka mbali na goli yao?"

Meza ikanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa zito. Mtu asiye na mbio angepaswa kubaki karibu na mlango wake. Iweje mabeki wazito wapande hadi karibu na mstari wa kati, huku nyuma yao pamebaki uwanda mtupu?

Jibu liko kwenye sheria ya kuotea, ambayo sisi huku tunaiita orije. Ni sheria ya 11 ya mpira wa miguu. Mchezaji anahesabiwa yuko kwenye nafasi ya kuotea ikiwa, pale mwenzake anapougusa mpira kumpasia, yeye yuko nusu ya uwanja wa wapinzani, ametangulia mbele ya mpira, na ametangulia pia mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida wa mwisho ni golikipa, kwa hiyo huyo wa pili huwa ni beki. Mikono haihesabiwi. Kichwa, kiwiliwili na miguu ndivyo vinavyopimwa. Mpira wa kurusha, kona na pigo la goli havina kuotea.

Maana yake ni kwamba mabeki wanatembea na mpaka. Popote beki wa mwisho aliposimama, hapo ndipo mshambuliaji anaporuhusiwa kusubiria pasi. Chukua uwanja wa mita 105 kwa 68. Mabeki wakijikunyata kwenye ukingo wa eneo la penalti, mshambuliaji anaweza kusubiri mita 16.5 tu kutoka golini. Akigeuka na mpira, ni shuti. Wakipanda mita 20 zaidi, wamemnyang'anya mita za mraba 1,360 za kusimama kwa raha, bila kumgusa mtu. Kwa beki asiye na mbio hiyo ni faida kubwa mno: badala ya kushindana naye kukimbia, anamsukuma mbali na goli kwa hatua za pamoja na wenzake.

Mpaka huu haukuwa hivi tangu mwanzo. Kuanzia 1866 sheria ilitaka wapinzani watatu wawe kati ya mshambuliaji na mstari wa goli. Hapo mabeki walijifunza ujanja mapema. Beki mmoja tu akipanda na mwenzake akabaki nyuma kidogo kwa tahadhari, mshambuliaji tayari ameshanaswa. Bill McCracken, beki wa Newcastle ya Uingereza, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyetia fora kwa mchezo huo kiasi kwamba mechi zilijaa filimbi na magoli yakakauka. Mwaka 1925 sheria ikabadilishwa, watatu wakawa wawili. Tazama kilichotokea: msimu wa 1924–25 ligi ya daraja la kwanza ya Uingereza ilikuwa na magoli 1,192, msimu uliofuata, kwa mechi zilezile 462, yakawa 1,703.

Mabeki walikuwa uchi. Oktoba 1925 Arsenal walifungwa 7–0 na Newcastle, na kocha wao Herbert Chapman, akisikiliza ushauri wa nahodha Charlie Buchan, akamrudisha kiungo wa kati acheze katikati ya mabeki wawili. Beki wa kati tunayemjua leo alizaliwa kutokana na kipigo hicho. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba ukuta wa mpira hujengwa kwa sheria na nafasi kabla ya vifua na mabega. Miaka iliyofuata wapo waliorudi kujificha nyuma: Inter Milan ya Helenio Herrera katika miaka ya 1960 ilimweka mtu wa ziada nyuma ya mabeki wote, mtindo ambao Waitaliano waliuita kwa jina la komeo. Kisha Arrigo Sacchi akaja na AC Milan iliyobeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990, akafanya kinyume kabisa. Alitaka kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele kuwe na mita kama 25 tu, na Franco Baresi akawa anainua mkono huku ukuta mzima unapanda naye.

Mtego wenyewe unafanyaje kazi? Mjomba alituonyesha kwa kizibo cha sita, cha rangi nyingine, akakiweka sambamba na vile vinne. Sambamba si kosa, tangu 1990 mshambuliaji aliyelingana na beki yuko salama. Kiungo anainua kichwa, anataka kupenyeza pasi. Mshambuliaji anaanza kukimbia kuelekea golini, tuseme mita 8 kwa sekunde. Papo hapo mabeki wanapiga hatua mbele, mita 2 kwa sekunde. Wanapishana. Katika robo sekunde tu tayari wametengana mita mbili na nusu. Ikiwa pasi imechelewa kwa muda huo mdogo kuliko kufumba na kufumbua, kibendera kinapanda. Ikiwa haikuchelewa, mshambuliaji yuko peke yake na golikipa, na wale mabeki wazito hawamkamati tena.

Ndiyo maana silaha ya kwanza ya mtego iko mbali na mabeki. Iko miguuni kwa mshambuliaji wao wenyewe na viungo wao wanaomkimbilia mpinzani mwenye mpira. Mtu aliyebanwa hawezi kuinua kichwa, na asiyeinua kichwa hawezi kuchagua sekunde. Ukiona timu inapandisha ukuta huku mwenye mpira ameachwa huru, anajipanga na kuangalia, ujue hapo pana goli linakuja. Mashabiki wengi tunamlaumu beki kwa goli hilo, na kwa kweli tunamwonea.

Adui wa pili wa mtego ni uchovu. Kupanda na kurudi kwa pamoja dakika 90 kunataka mapafu na kunataka akili iliyotulia, na mwishoni mwa mwaka Lubumbashi ni jua kali na fukuto la mvua zinazoanza. Wenye umri wa kukumbuka wanajua marudiano mawili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika yaliyochezwa hapa mwezi Novemba. Mwaka 2009 Mazembe walikuwa wamefungwa 2–1 na Heartland kule Nigeria. Hapa wakashinda 1–0 kwa beki wa Heartland kujifunga, jumla ikawa 2–2, na goli walilofunga ugenini likawapa kombe. Mwaka 2015 USM Alger walikuja wakiwa nyuma 2–1, wakafungwa 2–0, la kwanza kwa penalti ya Mbwana Samatta, Mtanzania aliyemaliza mashindano yale akiwa na magoli saba. Katika mechi zote mbili goli la kwanza lilichelewa hadi baada ya dakika ya 70. Kujifunga na penalti mara nyingi huzaliwa pale beki anapokimbia uso ukiwa umeelekea goli lake mwenyewe: kila anachogusa ni hatari, na kila anayemshika ni rafu.

Kwa hiyo mabishano ya nani ana mbio na nani hana ni nusu ya hadithi. Mimi sasa nikiangalia wapinzani kabla ya mechi kubwa naacha kutazama mpira kwa dakika kama tano hivi na kutazama mstari tu. Namtafuta anayetoa amri: nani anainua mkono, nani anapiga kelele, wenzake wanamsikia? Kisha namtafuta anayechelewa. Katika mabeki wanne kuna mmoja, mara nyingi wa pembeni aliyepanda kushambulia na anarudi akihema, anayebaki hatua moja nyuma wenzake wakishapanda. Hatua hiyo moja inamhalalisha kila mshambuliaji aliye upande ule na upande wa pili pia, kwa sababu mpaka unapimwa kwa aliye nyuma zaidi. Watatu wamefanya kazi yao vizuri na wote wamepoteza.

Mjomba alikuwa amefika hapo hapo, vizibo vinne ameshavipandisha kidogo na cha sita kimeotea nyuma yao. Kwa kidole kimoja alivuta kizibo cha kushoto nyuma, upana wa ukucha tu, akatuacha tuone. Kile cha sita hakikusogezwa hata kidogo, lakini sasa kilikuwa halali.

Kijana wa jezi nyeusi na nyeupe akainama juu ya meza. Hakusema tena habari za mbio. Aliangalia kizibo cha tano, kilichokaa peke yake mbali na wenzake, akauliza: "Na golikipa, muzee? Huyu anasimamaka wapi?"

Mjomba alikisukuma kizibo mbele, kikatoka nje kabisa ya eneo la penalti aliyoichora kwa maji ya chupa. "Hapa," alisema. "Ardhi yote ile ya nyuma ni yake. Kesho mukiona anabakia kwa mustari ya goli, basi na bale bane habatapanda."

Tukaanza kubishana upya, sasa kuhusu golikipa.