Dawa za kuua vijidudu kwenye minara ya kupozea maji viwandani: maswali na majibu

Maji ya kupozea mitambo yanahusianaje na afya ya watu?

Mnara wa kupozea humwaga maji ya moto kutoka juu huku feni ikivuta hewa ipite katikati yake. Sehemu ya maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto, yaliyobaki hurudi kwenye mtambo yakiwa yamepoa. Mvuke hauna shida. Shida ni matone madogo mno yanayotoka pamoja nao, ambayo hubeba kila kilichokuwa ndani ya maji. Na maji haya ni ya uvuguvugu, yana vumbi lililovutwa na feni, yana kutu. Bakteria aitwaye Legionella, ambaye hustawi kwenye joto la nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi, hupata humo makazi mazuri kabisa. Mtu akivuta matone hayo hadi ndani ya mapafu anaweza kupata nimonia kali.

Ugonjwa huu ulijulikana baada ya mkutano wa maveterani wa American Legion uliofanyika katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Zaidi ya watu 200 waliugua na 34 wakafariki. Bakteria mwenyewe alitambuliwa Januari 1977.

Je, mgonjwa anaweza kuniambukiza?

Kwa kawaida hapana. Unaupata kwa kuvuta matone ya maji yenye bakteria, si kwa kukaa na mgonjwa.

Tunapima klorini kila siku na kipimo kinasoma vizuri. Bado kuna hatari?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi hukosea. Namba ya kwenye kipimo inaeleza hali ya maji yanayotembea tu. Vaa glavu, pitisha kidole kwenye ukuta wa beseni la mnara chini ya usawa wa maji. Ukihisi utelezi, basi bakteria wana nyumba. Ule ute ni utando uliojengwa na vijidudu vyenyewe, na klorini huishia kwenye tabaka lake la juu kabla ya kufika chini. Ndani yake wanaishi pia amiba, viumbe vidogo vya seli moja, ambao huwameza Legionella lakini wakashindwa kuwasaga. Bakteria huzaliana humo humo wakiwa wamekingwa na dawa.

Jambo la pili ni pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji. Klorini ikiingia kwenye maji hugawanyika katika sura mbili, moja kali na nyingine dhaifu. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu yake huwa katika sura kali. Kwenye pH ya 8.5 hubaki takriban sehemu moja kati ya kumi. Maji ya mnara, kwa kuwa hukolea madini kadiri yanavyovukizwa, mara nyingi huwa juu ya 8. Kwa hiyo unaweza kusoma miligramu 1 kwa lita ukaridhika, kumbe nguvu halisi ya kuua ni ndogo sana. Ndiyo maana mifumo mingi yenye pH ya juu hutumia bromini, ambayo kwenye 8.5 bado karibu nusu yake iko katika sura kali.

Halafu kuna mabomba yasiyopitisha maji, na ile pampu ya akiba ambayo haijawashwa kwa wiki kadhaa. Dawa haifiki huko. Siku pampu inapowashwa, maji yote yaliyolala humo huingia kwenye mzunguko kwa mkupuo.

Kwa nini wataalamu wanataka dawa za aina mbili?

Klorini, bromini, klorini dioksidi na ozoni huua kwa kuunguza kemikali za seli. Zinafanya kazi haraka na huisha haraka. Kundi la pili, kama isothiazolinoni na glutaraldehaidi, huvuruga seli kwa njia nyingine na baadhi huhitaji saa kadhaa ndani ya maji, kwa hiyo maji hayapaswi kumwagwa nje wakati huo. Kutumia njia zaidi ya moja huwanyima vijidudu nafasi ya kuzoea. Huongezwa pia kemikali ya kuvunja ute, na mimi naiona muhimu kama dawa yenyewe. Lakini hakuna dawa inayochukua nafasi ya kusugua.

Kusafisha mnara kuna hatari gani?

Kubwa. Kati ya Novemba 2003 na Januari 2004, katika eneo la Pas-de-Calais kaskazini mwa Ufaransa, watu 86 waliugua na 18 wakafariki. Chanzo kilikuwa minara ya kiwanda cha kemikali za petroli. Wimbi la pili la wagonjwa lilikuja wakati minara ikisafishwa kwa maji ya shinikizo kubwa, na baadhi ya wagonjwa waliishi zaidi ya kilomita 6 kutoka kiwandani. Dawa itangulie kabla ya kusugua, feni zizimwe, na anayesafisha avae kipumulio cha kuchuja kinachoshika vizuri usoni. Barakoa ya kitambaa haimkingi.

Na dawa zenyewe zinamdhuru anayezishika?

Zinadhuru, na mfanyakazi ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajafungua dumu. Isothiazolinoni huleta mzio wa ngozi. Ukishaupata, hata kiasi kidogo baadaye huamsha upele na malengelenge. Glutaraldehaidi inaweza kuleta pumu.

Ajali ninayoiogopa kuliko zote ni ya kuchanganya. Kwenye vyumba vingi vya dawa, dumu la hipokloriti (klorini ya maji) hukaa karibu na dumu la asidi ya kushusha pH. Mtu akitumia mpira uleule wa kupitishia maji au ndoo ileile, inatoka gesi ya klorini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na anayeinama kufuta kilichomwagika ndiye anayeivuta zaidi. Toka nje uende kwenye hewa safi mara moja. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda hospitali.

Kipimo cha maabara kikitoka safi, tumemaliza?

Kuotesha Legionella maabara huchukua hadi siku 10 au zaidi. Jibu unalopokea leo ni la maji ya wiki iliyopita. Na vile vijiti vya kuchovya vinavyohesabu bakteria wa jumla havimwoneshi Legionella.

Nafanya kazi karibu na mnara, nina homa na kifua kinabana. Nifanye nini?

Nenda hospitali leo, na mwambie daktari unafanya kazi wapi. Dalili huanza kwa kawaida siku 2 hadi 10 baada ya kuvuta matone, wakati mwingine 14: homa kali, kikohozi, maumivu ya misuli, kuharisha, hata kuchanganyikiwa. Wenye zaidi ya miaka 50, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu huumia zaidi. Usijinunulie amoksisilini, bakteria huyu hujificha ndani ya seli na dawa hiyo haimfikii. Zinazofaa ni kama azithromaisini au levofloksasini, kwa maelekezo ya daktari. Kipimo cha mkojo hutoa jibu haraka, ila hukamata hasa kundi moja la Legionella, kwa hiyo omba makohozi yapimwe pia.

Ugonjwa ukithibitishwa, kiwanda kizime feni, kiwaarifu maofisa wa afya, na kichukue sampuli za maji siku hiyohiyo kabla ya kumimina dawa. Sampuli hizo ndizo zitakazolinganishwa na bakteria waliooteshwa kutoka kwenye makohozi ya mgonjwa.