Spika inanguruma, beringi inalia: jua kelele inatoka wapi kwanza

Kazi yangu ni mota na mashine ndogondogo, na nyumbani nina banda langu la mabati lenye mashine ya kunolea, drili ya kusimama, feni na amplifaya ya zamani niliyoifungia Bluetooth. Watu wenye vikarakana vya nyumbani wakinitafuta shida huwa zilezile mbili, muziki unakatika au spika inanguruma, alafu mashine inapiga kelele na wameshaijaza grisi mpaka inamwagika pembeni. Mi nazieleza pamoja kwa sababu zote unaanza kuzitatua kwa sikio kabla hujashika bisibisi, na pia moja inaificha nyingine: muziki ukiwa juu beringi inakufa na wewe unaimba tu.

Tuanze na muziki. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, mtaa mmoja na waifai na maikrowevu, na ile ya kawaida ya muziki inarukaruka kwenye chaneli 79 mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa fujo za wenzake. Vifaa vingi vidogo vinafika kama mita 10 pakiwa peupe. Sasa wewe simu umeiacha sebuleni, spika iko ndani ya banda la bati pande zote, hapo usilaumu simu, bati linazuia mawimbi yapite. Hata mwili wako unayala kwa sababu umejaa maji, ndo maana simu ikiwa mfuko wa nyuma muziki unakatika na ukigeuka unarudi.

Halafu kuna kosa naliona sana kwa mafundi wanaofunga ile bodi ndogo ya Bluetooth ndani ya amplifaya. Angalia ukingo wa hiyo bodi, kuna kamstari ka shaba kamepindapinda, hiyo ndo antena. Mtu anaichomeka ndani ya kasha la chuma, pembeni ya trensfoma, anafunga skrubu zote, alafu anashangaa mbona inashika ukiwa karibu tu. Itoe ikae nyuma ya uso wa plastiki, au iweke dirishani kabisa uvute waya wa sauti wenye kinga mpaka kwenye amplifaya, mita chache haziharibu kitu.

Hiyo ni kukatika. Kunguruma ni kesi nyingine, na hapa wengi wanapotea. Muziki wa Bluetooth unasafiri kidijitali, kwa hiyo fujo ya hewani inaufanya ukatike au urukeruke, haileti mkwaruzo wala mlio. Ukisikia kamlio kembamba kanachokuja simu inapounganika, au nguruma isiyoisha hata wimbo ukisimama, tatizo liko kwenye waya na umeme. Pima hivi: chomoa umeme wa bodi ya Bluetooth uilishe na pawabenki, amplifaya ibaki kwenye umeme wake. Kelele ikipotea umeshajua, bodi na amplifaya zinagawana grandi, yaani ule upande wa negativu, kwa njia mbili, ya umeme na ya waya wa sauti, na takataka za umeme za bodi zinapita humo zinaingia kwenye spika.

Dawa ni kutenganisha hizo grandi. Kuna kakonveta kadogo kanaitwa B0505S, kana miguu minne, kanapokea volti 5 kanatoa volti 5 ila upande wa kuingia na wa kutoka havigusani kwa waya. Kana wati 1, yaani miliampia 200, bodi nyingi za Bluetooth zinatosheka hapo, ila pima yako kwanza. Muhimu usije ukaunganisha tena negativu ya pande mbili kwa mazoea, maana utakuwa umerudi palepale, grandi ikutane kupitia waya wa sauti peke yake. Na usikawashe bila mzigo, yaani bila kitu kinachokula umeme wake, ukapima volti ukaogopa, aina hii bila mzigo inapanda juu ya 5. Weka na kapasita upande wa kutoka. Vile visanduku vya trensfoma vya kuweka kwenye waya wa sauti navyo vinasaidia, ila vya bei chee vinakula besi, mi sivipendi.

Kama mkwaruzo unakuja grenda ya mkononi ikiwaka tu, angalia kaboni za grenda, vile vipande vyeusi vinavyosugua ndani ya mota. Zikiisha zinatoa cheche nyingi na hizo zinarudi kwenye waya wa umeme. Badili kaboni, na amplifaya usiichomeke ekstensheni moja na grenda.

Sasa zima muziki. Kabisa. Washa mashine ya kunolea, iache ishike spidi, alafu izime na usikilize inavyoshuka. Kelele ikikata sekunde ileile umezima swichi, hiyo ni ya umeme, mara nyingi mvumo wa sumaku, huo kwa umeme wetu wa hezi 50 unakuwa wa hezi 100. Kelele ikiendelea ikishuka taratibu na mzunguko mpaka mwisho, hiyo ni ya mitambo, na beringi ndo mshukiwa wa kwanza. Mashine ikiwa inazunguka gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava tuli karibu na beringi, mbali na jiwe, mpini uweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio, utasikia upande upi unalia. Nywele na nguo ndefu mbali.

Mluzi mkavu maana yake grisi imeisha au imekauka, hapo kuna matumaini. Ila ukizungusha kwa mkono na unahisi vikokoto, njia ya gololi imeshatoboka, na hakuna grisi ya kurudisha chuma. Badili. Namba iko ubavuni: 6203 ni shimo la milimita 17, 6202 ni 15, 6201 ni 12, 6200 ni 10, na tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 unazidisha mara tano, kwa hiyo 6204 ni 20. Penye vumbi la jiwe chukua yenye 2RS, mpira pande zote, kuliko ZZ ya kifuniko cha bati maana ile ina kauwazi. Ukienda kununua Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, nenda na ya zamani mkononi. Kuiingiza kwenye shafti gonga ringi ya ndani tu kwa kutumia kipande cha bomba, ukigonga ya nje gololi zinachapa alama na utasikia kelele mpya siku hiyohiyo.

Beringi ya kufufua, ile ya mluzi mkavu, inua mpira na pini nyembamba, osha na mafuta ya taa, ikauke, usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Tia grisi ya lithiamu ya ugumu namba 2, theluthi moja ya uwazi wake, basi. Ukijaza yote gololi zinaikoroga, inapata moto, inayeyuka, na kwa mota ya mizunguko kama 2,850 kwa dakika hiyo haichukui muda. Rangi ya grisi haisemi chochote, nyekundu au bluu ni rangi tu, na ukiwa hujui ya zamani ni aina gani isafishe yote maana grisi nyingine zikichanganyika zinalainika zinatiririka. WD-40, ile ya kopo la kupulizia, ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kufukuza maji na kutu. Inalegeza nati vizuri sana, ila ukipulizia kwenye beringi inaosha grisi iliyokuwepo, kelele inapoa kidogo alafu inarudi kubwa zaidi.

Feni ya mezani ni habari tofauti, nyingi hazina gololi, zina bushi ya shaba yenye vitundu vinavyonywa oili. Hizo zinataka oili ya cherehani, matone mawili matatu kila upande, uzungushe kwa mkono ufute inayomwagika. Grisi haiingii kwenye vile vitundu, na mafuta ya kupikia yanageuka gundi, nimeshafungua feni nyingi zilizoganda hivyo na zote kabla hazijasimama zilikuwa zinazunguka pole pole kwa muda mrefu tu mwenyewe akidhani ni kapasita.