Kupunguza matunda ya pichi kwa dawa: kwa nini mkono bado unahitajika

Kila msimu wakulima wa miinuko hutuuliza swali moja. Wenye mashamba ya matofaa ng'ambo hupulizia dawa, matunda ya ziada yakadondoka yenyewe. Kwa nini basi sisi wenye mapichi tupande ngazi kuchuma vitunda vichanga kimoja kimoja? Swali hili lina haki ya kujibiwa vizuri, maana kazi hiyo hula siku nyingi.

Mpichi, ambao kamusi huuita mfyulisi, huzaa kwenye vijiti vilivyoota msimu uliopita, na aina nyingi hujichavusha zenyewe. Hewa ikiwa nzuri, maua yanayoshika huwa mengi kuliko mti unavyoweza kulisha, ilhali hata ua moja kati ya kumi likishika mavuno hutimia. Tunda moja huhitaji chakula cha majani kama 30 hadi 40 ili linenepe. Mti ukizidiwa, matunda hubaki madogo, matawi hukatika, na vitumba vya maua ya mwaka unaofuata hupungua. Ukubwa si jambo dogo: pichi lenye kipenyo cha sentimita 7 lina ujazo unaokaribia mara tatu ya lile la sentimita 5.

Sasa tuje kwenye dawa. Zile zinazoangusha vitunda vya tofaa, kama kabarili na NAA, haziaminiki kwenye pichi. Nawasihi msizijaribu kwa kubahatisha, hasa kabarili, kwa kuwa inaua nyuki. Ethefoni, inayotoa ndani ya mmea gesi ya ethilini ambayo hufanya vitunda vidondoke, ilijaribiwa sana. Kazi yake hufuata joto la siku: leo haifanyi kitu, kesho inapukutisha kupita kiasi, na mti unaweza kumwaga majani na kutoa gundi.

Njia iliyobaki ni kuunguza maua. Hutumika amonia thiosalfeti, ambayo kwa kawaida ni mbolea ya maji, au mchanganyiko wa chokaa na salfa pamoja na mafuta. Dawa hukausha sehemu ya kike ya ua lililofunguka, chavua ikashindwa kurutubisha. Ua lililokwisha kurutubishwa huponyoka, na kitumba ambacho hakijafunguka huponyoka pia. Kwa hiyo mpuliziaji ana dirisha la siku chache tu.

Hapo ndipo sisi wa tropiki tunapokwama. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti hupata usingizi wa kutosha, kisha maua hufunguka karibu kwa pamoja. Kwenye miinuko yetu, kama Lushoto, baridi ni ya wastani. Mti usiopata baridi ya kutosha huchanua kwa vipande: tawi moja lina vitumba, jingine maua, jingine limeshika vitunda. Utapulizia siku gani? Kwa maoni yangu, hiki ndicho kikwazo kikubwa zaidi kwetu, kuliko hata bei ya dawa.

Marekani sasa wanayo dawa ya kupunguzia matunda iitwayo ACC, kiini cha asili ambacho mmea wenyewe hukigeuza kuwa ethilini. Ni hatua njema, lakini hata huko watu hurudi shambani kumalizia kwa mkono.

Anza basi na mkasi. Ukipogoa vizuri na kupunguza vijiti vya maua, umeshapunguza matunda kabla hayajashika. Kisha chuma mapema, kabla kokwa halijawa gumu. Kata kitunda katikati kwa kisu: kisu kikipita bila kugonga, bado una muda. Kadiri unavyochelewa, ndivyo yanayobaki yanavyokosa nafasi ya kunenepa. Acha sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda, yaani shubiri isiyotimia. Ondoa kwanza pacha, yenye kovu na yaliyodumaa. Matawi ya juu yapige taratibu kwa fimbo iliyovishwa kipande cha mpira.

Anayetaka kujaribu dawa ya maua asome kwanza lebo, aone kama imeruhusiwa kwa pichi na kwa kazi hiyo. Tanzania usajili uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya una bodi yake ya viuatilifu. Mchanganyiko wa chokaa na salfa huunguza macho na ngozi, na ukikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu. Usiuchanganye na kitu kingine kwenye bomba, hata mafuta, isipokuwa lebo ikiruhusu.

Pulizia mti mmoja tu, na mti wa jirani yake uuache bila dawa. Funga uzi kwenye matawi manne ya kila mti, hesabu maua, kisha rudi baada ya wiki nne uhesabu vitunda. Ukikuta tofauti ni ndogo, shamba lililobaki lichumie mkono msimu huo.