Kuweka Linux kwa Flashi: Kazi Kubwa Ipo Kabla ya Kubofya “Install”

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na RAM isiyopungua 4GB. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa katikati ya mji wa Arusha, kuanzia Mnara wa Saa kuifuata Barabara ya Sokoine, hazifiki huko: HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, Lenovo ThinkPad T450 ni cha 5, Dell Latitude E7440 ni cha 4. Mashine hizo bado zina nguvu za kutosha kwa kazi za shule, ofisi ndogo na intaneti, na Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa badala ya Windows au kando yake, inazipokea bila manung’uniko.

Anayeanza tunamshauri achukue Linux Mint toleo la 22, yenye mwonekano mwepesi wa Xfce kama RAM ni 4GB, au ule mzito kidogo wa Cinnamon kama ni 8GB na kuendelea. Toleo hilo limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo ni Linux nyingine, na litapewa masasisho hadi mwaka 2029. Zipo Linux nyingine nzuri, ila mgeni hahitaji kuonja sufuria zote siku ya kwanza.

Kwanza jiulize unatumia programu gani. Word na Excel zilizosakinishwa kwenye Windows hazitahamia Linux, wala Photoshop, wala programu nyingi za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee. LibreOffice, mbadala wa Word na Excel, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word vizuri, isipokuwa nyaraka zenye majedwali mengi na fonti za ajabu, ambazo huvurugika kidogo. Kama riziki yako inategemea programu moja ya Windows isiyo na mbadala, acha Windows ibaki kando ya Linux kwenye diski moja, au usiiguse kabisa.

Faili na flashi

Faili la ISO la Mint, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima, lina karibu 3GB. Anayetumia bando la simu akiwa Ngaramtoni au Usa River asilipakue kwa kivinjari cha kawaida, kwa sababu mtandao ukikatika kwenye asilimia 90 huenda akaanza upya. Torrent, njia ya kupakua faili vipande vipande, inaendelea pale ilipoishia, na kiungo chake kipo kwenye ukurasa rasmi wa Mint. Ukinakili kutoka kwa rafiki ni sawa pia, mradi ulipime kabla ya kulitumia.

Kupima huku ndiko watu wengi hukuruka, na ndiko kunakozaa matatizo ambayo baadaye yanasingiziwa Linux. Kwenye Windows fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, ndani ya folda lenye faili, kisha andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako badala ya hilo la mfano. Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye faili la sha256sum.txt katika tovuti ya Mint. Tofauti ya herufi moja inatosha kukuambia kuwa faili limeharibika au si lenyewe. Lifute, upakue tena. Faili bovu linaweza kuwaka vizuri, likakubali hatua tano za mwanzo, halafu likagoma katikati ya usakinishaji baada ya diski yako kuwa imeshafutwa.

Flashi ya 8GB inatosha. Jihadhari na zile za bei ya kutupwa zilizoandikwa 1TB au 2TB: ndani mara nyingi ni chipu ndogo iliyodanganywa itaje ukubwa isio nao. Programu ya H2testw huijaza flashi kisha huisoma tena, na hapo uongo hujitokeza. Kumbuka pia kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa, picha za harusi zikiwemo.

Chomeka flashi, fungua Rufus, programu ya Windows inayoliandika faili la ISO kwenye flashi ili iweze kuwasha kompyuta. Hakikisha kisanduku cha Device kinaonyesha flashi yako na si diski ya nje uliyosahau kuichomoa. Bofya SELECT, chagua faili la ISO. Kwa laptopu iliyotengenezwa baada ya mwaka 2012 hivi, kwa kawaida Partition scheme iwe GPT na Target system iwe UEFI, yaani njia mpya ya kompyuta kujiwasha; ya zamani huitwa Legacy na huenda na MBR. Kama huna uhakika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa BIOS Mode: ukiona Legacy, chagua MBR. Hili si jambo dogo. Ukiwasha flashi kwa njia moja wakati Windows iliwekwa kwa njia nyingine, Linux itaingia, lakini siku ya kuwasha utaona mfumo mmoja tu, na utadhani ule mwingine umefutika.

Bofya START. Rufus ikiomba kupakua kijifaili cha Syslinux, kubali. Ikiuliza iandike flashi kwa njia ya ISO au DD, acha ISO. Flashi ikigoma kuwaka, rudia na safari hii uchague DD. Ukichagua DD, Windows inaweza kuiona flashi kama imeharibika na kukuomba uifomati. Ikatalie.

Mambo ya kumaliza ukiwa bado Windows

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au kompyuta nyingine, kisha ufungue mawili matatu huko huko uone kama yanafunguka. Nakala iliyo kwenye D: ya diski ile ile si nakala. Ni chumba kingine cha nyumba moja, na moto hauchagui chumba.

BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, inawaumiza wengi kwa sababu hawajui kama imewashwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ukiona C: imesimbwa (Encrypted), ingia kwenye Settings uizime, na usubiri hadi imalize kufungua diski yote. Usipofanya hivyo, siku utakapobadilisha chochote kwenye utaratibu wa kuwasha, Windows itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao mafaili yako yatabaki yamefungwa.

Kisha zima Fast Startup kwa kuandika powercfg /h off kwenye dirisha hilo hilo. Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa. Inalala nusu, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo hukataa kuandika ndani yake.

Kama unataka mifumo miwili, punguza C: kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, kwa amri ya Shrink Volume. Acha nafasi tupu ya 50GB hivi. Kisakinishi cha Linux nacho kinaweza kupunguza, lakini Windows inaifahamu zaidi diski yake. Hapa ndipo umeme una neno. Laptopu ya mtumba yenye betri ya dakika kumi, umeme ukakatika diski inapogawanywa, inaweza kuondoka na kila kitu. Chaji betri ijae. Kama betri imekufa, tafuta UPS, betri ya akiba ya nje. Jioni ya mvua za masika yenye radi, ahirisha.

Kuwasha kwa flashi

Zima kompyuta, chomeka flashi moja kwa moja kwenye mwili wa laptopu bila kupitia kigawanyio cha USB. Washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell, Toshiba na ThinkPad, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Acer hutumia F12, ila mara nyingine lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Gonga mara kwa mara tangu unapowasha. Kusubiri nembo itokee ni kuchelewa.

Menyu ya Mint ikija, chagua Start Linux Mint. Skrini ikibaki nyeusi, hasa kwenye mashine zenye kadi ya NVIDIA, washa upya na uchague ile yenye maneno compatibility mode.

Sasa uko ndani ya Linux, na diski yako haijaguswa. Usiwe na haraka. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na ufunike laptopu uone kama inalala na kuamka. Isikukatishe tamaa kwamba inasuasua, kwani inasoma kila kitu kutoka kwenye flashi. Wi-Fi isipoonekana, kama inavyotokea kwa baadhi ya kadi za Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Linux itaiona kama mtandao wa waya, na baada ya usakinishaji Driver Manager ya Mint itaweza kutafuta dereva, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo.

Kama kitu unachokitegemea hakifanyi kazi hapa, kuna uwezekano mkubwa hakitafanya kazi hata ukishasakinisha. Unaweza kuzima, ukachomoa flashi na kurudi Windows bila hasara.

Ukiridhika, bofya aikoni ya Install Linux Mint. Lugha, kibodi na kodeki (vijiprogramu vya kuchezesha video) ni maswali mepesi. Ukurasa unaohitaji macho ni ule wa aina ya usakinishaji. “Install alongside” huweka Linux kando ya Windows. “Erase disk” hufuta diski nzima, pamoja na ile D: uliyodhani imejitenga. “Something else” ni ya anayejua kugawanya diski katika patisheni, yaani vipande, kwa mkono. Kama kuna diski zaidi ya moja, soma ukubwa wake kabla ya kubofya. Usishangae diski ya 256GB kuonekana kama 238 GiB kwenye GParted, programu ya kugawanya diski. Ni ile ile, hesabu tu ndiyo tofauti.

Kisakinishi kikionyesha flashi peke yake bila diski ya ndani, mara nyingi BIOS imewekwa iwasiliane na diski kwa njia ya RAID au Intel RST badala ya AHCI. Usibadilishe kiholela kama Windows bado unaihitaji, kwani inaweza kugoma kuwaka hadi iandaliwe kwanza kupitia Safe Mode. Hapo mwone fundi.

Eneo la saa chagua Dar es Salaam. Jina la mtumiaji liwe la herufi ndogo. Nenosiri liandike mahali salama, kwa kuwa utaliombwa kila unaposakinisha programu.

Baada ya kuwasha upya

Ikiingia Windows moja kwa moja bila kukuuliza, bonyeza tena kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwenye orodha tafuta jina ubuntu, kwani Mint hujiandikisha kwa jina hilo. Kisha nenda BIOS uipandishe juu ya Windows Boot Manager. HP za zamani kidogo zina tabia hii sana.

Wenye mifumo miwili watakuta saa ya Windows imerudi nyuma kwa muda wa saa tatu: ni saa tisa alasiri, yenyewe inasema saa sita mchana. Linux huiweka saa ya mashine kwenye UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa. Ukiwa Linux, fungua Terminal, dirisha lake la amri, uandike timedatectl set-local-rtc 1, kisha urekebishe saa ya Windows mara moja.

Masasisho ya kwanza yanaweza kula mamia ya MB, kwa hiyo yafanyie kwenye Wi-Fi. Kabla ya hapo fungua Timeshift, programu ya Mint ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, uhifadhi nakala ya mfumo ukiwa bado mzima. Flashi nayo usiifomati wiki za mwanzo. Ndani yake, ukiiwasha, kuna Boot Repair, inayoweza kurudisha menyu ya kuwashia pale sasisho la Windows linapoivuruga. Siku ukitaka kuirudisha iwe flashi ya kawaida, fungua Rufus, kwenye Boot selection chagua Non bootable, ubofye START.