Tamasha la muziki wa kijeshi: amri za vita zilipogeuka burudani

Tamasha la muziki wa kijeshi ni onyesho ambalo bendi za majeshi, mara nyingi kutoka nchi kadhaa, huingia uwanjani zikipiga muziki huku zikitembea, zikajipanga na kujipangua kwa maumbo, kisha mwishoni zote zikakusanyika kupiga kwa pamoja. Wengi hulichanganya na gwaride la sikukuu ya taifa. Kwenye gwaride, bendi ipo kuwasindikiza askari: mgeni rasmi anakagua mistari, bendi inampigia hatua. Kwenye tamasha, bendi ndiyo shughuli yenyewe. Wala si sawa na konseti, maana mpigaji hana kiti na miguu yake inatazamwa kwa ukali uleule wa vidole vyake.

Kwa Kiingereza onyesho hili huitwa tattoo, na halihusiani hata kidogo na michoro ya ngozini. Chanzo chake ni Uholanzi na maeneo ya jirani katika karne ya 17. Jioni askari walitawanyika kwenye vilabu vya pombe, na kuwarudisha kambini ilikuwa kazi. Basi mpiga ngoma alitumwa mitaani, na mlio wake uliwaambia wenye vilabu wafunge mabomba ya mapipa ya bia. Maneno ya Kiholanzi ya agizo hilo la kufunga bomba ndiyo yaliyozaa jina. Ile ngoma, kwa hiyo, haikuwa burudani. Ilikuwa amri, tena ya kukatisha burudani!

Ukishika jambo hilo moja, mengi ya yanayoonekana uwanjani yanaeleweka. Ala za mwanzo za bendi ya jeshi zilifika huko kwa sababu ya kazi. Mizinga inapolia, hakuna kamanda ambaye sauti yake inavuka mita mia. Askari wa miguu walipewa ngoma, wapanda farasi wakapewa tarumbeta, baadaye ikaenea buruji, tarumbeta fupi ya kutolea ishara. Kulikuwa na mlio wa kuamka, wa kula, wa kusonga mbele, wa kurudi nyuma, na kila askari alipaswa kuujua kama anavyojua jina lake. Buruji haina vitufe wala matundu. Mpigaji hubadilisha noti kwa midomo na pumzi tu, na milio mingi ya jeshi imejengwa kwa noti tano basi. Ufinyu huo ulikuwa faida: mlio wenye noti chache na umbo la wazi haumpotezi mtu aliyejaa hofu. Simu za vita na redio zilipochukua kazi hiyo, ala hazikutupwa. Zilihamia kwenye sherehe, mazishi na matamasha.

Mabadiliko hayo yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1838 mjini Berlin, Wilhelm Wieprecht, aliyesimamia muziki wa jeshi la Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, alikusanya wapulizaji wapatao 1,000 na wapiga ngoma 200 kumpigia Tsar Nicholas I wa Urusi aliyekuwa mgeni wa mfalme. Ndani ya programu hiyo aliuweka mlio wa jioni wa kuwarudisha askari kambini. Jeshi la Ujerumani bado linauenzi utaratibu huo kama heshima yake kubwa kuliko zote.

Lakini anayetaka kujua sauti ya bendi ya kijeshi ilitoka wapi asianzie Berlin. Aanzie Istanbul. Dola ya Osmani, ya Waturuki, ilikuwa na bendi zilizoitwa mehter, zilizokwenda vitani na majanisari, askari wateule wa sultani: ngoma kubwa, ngoma ndogo za jozi, matoazi, tarumbeta, na zurna, ambayo ni ndugu wa zumari tunayoifahamu. Wazungu waliisikia sauti hiyo kwanza wakiwa upande wa kushambuliwa. Katika karne ya 18 wakaanza kuiiga, na ngoma kubwa, matoazi na pembetatu ya chuma zikaingia kwenye vikosi vyao, kisha kwenye okestra. Fimbo ndefu yenye mwezi mwandamo na njuga, ambayo bendi za Ujerumani huibeba mbele hadi leo, ni ya ukoo huohuo. Sultani Mahmud II alipowafuta majanisari mwaka 1826, mehter nazo zilikwenda nao. Zilifufuliwa baadaye, na leo unaweza kuisikia mehter kwenye makumbusho ya jeshi mjini Istanbul.

Mtindo huo wa Kituruki una kipande ambacho waandaaji wa matamasha hawakitaji sana. Majeshi ya Ulaya yalipotaka mwonekano wa kigeni, yaliwaweka watu weusi kwenye ngoma na matoazi na kuwavisha mavazi ya kung'aa. Kikosi cha 29 cha jeshi la Uingereza kilikuwa na wapiga ngoma weusi kuanzia 1759 hadi 1843. Wa kwanza walikuwa vijana kutoka Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, ambao afisa wa jeshi la majini aliwatoa kwa kikosi kama zawadi. Zawadi ni watu hao. Ngozi ya chui ambayo mpiga ngoma kubwa wa bendi ya Uingereza huivaa kifuani hulinda sare isichubuliwe, lakini wengi huiona pia kuwa mabaki ya enzi hiyo.

Ala za shaba zilikuja kukamilika katika karne ya 19. Kabla ya vali, yaani vitufe vya kubadilisha njia ya hewa, kubuniwa huko Ujerumani katika miaka ya 1810, tarumbeta ilikuwa na shida ileile ya buruji: noti zake zilikuwa za kuhesabika. Kwa vali, shaba iliweza kupiga wimbo mzima. Adolphe Sax, Mbelgiji mwenye karakana Paris, alitengeneza ukoo mzima wa ala zenye vali, na mwaka 1845 bendi yenye ala zake ilishindanishwa na bendi ya mtindo wa zamani kwenye uwanja wa Champ de Mars. Umati ulimpa Sax ushindi, na jeshi la Ufaransa likazichukua ala zake. Saksafoni, aliyoipatia hataza mwaka 1846, ilipata makazi yake ya kwanza ya kudumu kwenye bendi za jeshi, miongo mingi kabla ya jazi. Marekani nayo ilichangia sousafoni, ile tuba inayozungushwa mwilini na kufungua mdomo wake juu ya kichwa. Ilitengenezwa katika miaka ya 1890 kwa matakwa ya John Philip Sousa, aliyekuwa ameiongoza bendi ya wanamaji wa Marekani kuanzia 1880 hadi 1892.

Bagipaipu inahitaji maelezo yake peke yake, maana ndiyo wageni wa tamasha huisubiri. Ile ya Skotlandi ina mfuko ambao mpigaji huujaza pumzi na kuubana kwa mkono, bomba moja lenye matundu la kupigia wimbo, na mabomba matatu ya begani yanayolia noti moja bila kukoma. Lina noti tisa tu. Haliwezi kupunguza sauti wala kuiongeza. Haliwezi hata kunyamaza katikati ya wimbo, kwa kuwa hewa ya mfuko inaendelea kutoka. Sasa, utapigaje noti ileile mara mbili mfululizo ikiwa huwezi kuweka kimya katikati? Mpigaji huchomeka noti fupi mno, mdokoo wa kidole, ili kuzitenganisha. Ule mtetemo unaosikika ndani ya kila wimbo wa bagipaipu ni midokoo hiyo, nayo hufuata kanuni zinazofundishwa kwa miaka. Jambo jingine: noti ya msingi ya bagipaipu nyingi imepanda juu kidogo ya ile inayotumiwa na ala za shaba. Ndiyo maana bendi zikitaka kupiga pamoja, mafundi huwapa wapigaji mabomba yaliyotengenezwa mahsusi kwa hertzi 466. Asiyejua hilo hudhani kuchanganya bendi ni suala la kuzisogeza karibu.

Bagipaipu ilikwenda vitani kwa muda mrefu kuliko ala nyingi. Tarehe 6 Juni 1944, Bill Millin, mpigaji wa jeshi la Uingereza, aliipiga akiwa kwenye ufukwe wa Sword huko Normandy, Ufaransa, huku risasi zikipita.

Turudi uwanjani, kwenye ugumu wenyewe. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Bendi mbili zikiwa umbali wa mita 60, sauti ya moja huchukua karibu sekunde 0.18 kuifikia nyingine. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua ni nusu sekunde, hivyo ucheleweshaji huo ni zaidi ya theluthi ya hatua. Mpigaji wa pembeni akifuata masikio yake, anaharibu. Anapaswa kufuata macho: mikono ya mwongozaji, na fimbo ndefu ya kiongozi wa ngoma anayetangulia. Fimbo hiyo si pambo. Kila jeshi lina ishara zake, na kwa kuinyanyua, kuilaza au kuizungusha, kiongozi huagiza kuanza, kunyamaza, kusimama au kugeuka bila neno hata moja. Bendi ikigeuka nyuma, mstari wa mbele hupinda na kupita katikati ya mistari inayokuja, na kwa sekunde kadhaa watu wanapishana bega kwa bega huku wakipuliza. Bendi nyingi huwaweka wapiga tromboni mbele kabisa, kwa sababu rahisi: yale mabomba ya kuvuta yasimchome aliye mbele.

Umoja huo haukuja wenyewe. Wakati wa Vita vya Crimea dhidi ya Urusi, mwaka 1854, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Scutari, ng'ambo ya Istanbul, yalifanya gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Bendi zote zilipoanza wimbo wa taifa, kila moja ilipiga kwa mpangilio wake na kwa ufunguo wake, mbele ya washirika. Aibu hiyo ni mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwa shule ya muziki ya jeshi huko Kneller Hall, karibu na London, mwaka 1857, iliyobaki pale hadi 2021.

Hata hatua zenyewe zinatofautiana. Jeshi la Kigeni la Ufaransa hutembea hatua 88 kwa dakika, taratibu mno, wakati Bersaglieri, askari wa miguu wa Italia wenye manyoya kwenye kofia, huingia wakikimbia huku wakipuliza ala za shaba. Kukimbia na kupuliza kwa wakati mmoja: kwangu mimi hakuna kinachoshinda hicho, hata fataki.

Tamasha linalotajwa kuliko yote ni la Edinburgh, Skotlandi, lililoanza rasmi 1950 mbele ya ngome ya mji huo. Hufanyika kila Agosti na huvuta watazamaji zaidi ya 200,000. Halifax nchini Kanada ilianza 1979, Norfolk katika jimbo la Virginia 1997, Basel nchini Uswisi 2006, na Moscow imewahi kuwa na lake kwenye Red Square. Lile la Basel lina ladha tofauti, maana mji ule una utamaduni wake wa ngoma za mtaani. Kundi la Top Secret Drum Corps, lililotoka huko, ni la raia, si askari, lakini lilikaribishwa Edinburgh mwaka 2003. Mpaka kati ya askari na raia kwenye matamasha haya umelegea kuliko sare zinavyoonyesha.

Walinzi wa mfalme wa Norway, ambao sifa yao ni kwata ya bunduki, nao ni wageni wa mara kwa mara wa Edinburgh. Mwaka 1972 walimchukua pengwini mmoja wa bustani ya wanyama ya mji huo kuwa mwenzao, wakampa jina la Nils Olav na cheo cha chini. Alipokufa, cheo kilirithiwa na pengwini mwingine. Wamekuwa wakimpandisha kila baada ya miaka kadhaa wanaporudi kwenye tamasha, na mwaka 2023 alifikia Meja Jenerali, akakagua mstari wa walinzi kwa mwendo wake mwenyewe.